Wasomaji Wanauliza: Wimbo Mmoja, Waimbaji Wawili

Baada ya toleo lililopita kugusia kwa ufupi wimbo "I Don't Want to Miss a Thing" (yaani "Sitaki Kukosa Hata Jambo Moja"), ambao kundi la roki la Aerosmith liliurekodi mwaka 1998 na mwimbaji wa kantri Mark Chesnutt akaurudia muda mfupi baadaye, tumepokea barua nyingi zenye maswali yanayokaribiana. Nimechagua sita, na nimezipanga kwa namna ambayo jibu moja litamsaidia msomaji kulielewa linalofuata.

SWALI: Ndugu Mhariri, mimi na mwenzangu tumebishana kwa muda mrefu. Yeye anashikilia kwamba wimbo huu ni wa Mark Chesnutt na kwamba Aerosmith waliuchukua baadaye wakauongezea magitaa na kelele. Mimi nasema ni kinyume chake. Tafadhali tuamulie.

JIBU: Kwa tarehe, wewe ndiye uliyesema kweli, kwa umiliki, nyote wawili mmekosea, na kosa hilo linastahili maelezo marefu kidogo.

Aerosmith, kundi lililoanzishwa Boston mwaka 1970, liliurekodi wimbo huu kwa ajili ya filamu iitwayo Armageddon, iliyoanza kuonyeshwa Marekani Julai 1998. Ulipoingia kwenye chati ya Billboard Hot 100, yaani orodha kuu ya nyimbo zinazoongoza Marekani, tarehe 5 Septemba mwaka huo, haukupanda ngazi kwa ngazi kama ilivyo desturi, bali ulianzia namba moja na kukaa hapo wiki nne. Kwa kundi lililokuwa limekwisha kupiga muziki kwa miaka 28, hiyo ndiyo iliyokuwa mara ya kwanza kushika nafasi hiyo. Kabla ya hapo wimbo wao uliofika juu zaidi kwenye chati hiyo ulikuwa "Angel", uliofikia namba tatu mwaka 1988. Chesnutt, mzaliwa wa Beaumont katika jimbo la Texas, alitoa toleo lake mwishoni mwa mwaka 1998, na Februari 1999 likashika namba moja kwenye chati ya kantri ya Billboard kwa wiki mbili. Matoleo hayo mawili yalitenganishwa na miezi michache tu, na kwa sababu stesheni za roki na za kantri nchini Marekani huwa na wasikilizaji tofauti, mtu aliyekuwa akifungulia kantri peke yake angeweza kabisa kukutana na Chesnutt kwanza. Huenda ndivyo ilivyomtokea mwenzako, wala simlaumu.

Lakini wimbo si wa Aerosmith wala wa Chesnutt. Aliyeutunga, maneno na sauti ya wimbo (yaani melodi), ni Diane Warren, mtunzi ambaye kwa kawaida hufanya kazi peke yake na kuwaachia wengine kuimba. Ameeleza kwamba wazo lilimjia kutokana na mahojiano ya televisheni ambamo mtangazaji Barbara Walters alizungumza na mwimbaji Barbra Streisand na mpenzi wake, mwigizaji James Brolin, na Brolin akasema kwamba humkumbuka Streisand hata wakati wamelala usingizi. Maneno hayo ndiyo yaliyozaa wimbo mzima. Ninakuomba wewe na mwenzako muyaweke moyoni, kwa maana yanaonyesha kwamba kiini cha wimbo hakikuwa roki wala kantri, wala hakikuwa na uhusiano wowote na filamu inayohusu jiwe kubwa la angani linalotishia kuiangamiza dunia. Kilikuwa kauli ya mwanamume mtu mzima kuhusu mpenzi wake, iliyosemwa wakiwa wameketi. Warren mwenyewe amesema kwamba alipokuwa akiutunga alimfikiria mwimbaji kama Celine Dion, si mwanamume mwenye sauti ya kukwaruza kama Steven Tyler wa Aerosmith.

SWALI: Je, Chesnutt aliomba ruhusa ya Aerosmith? Na iwapo hakuomba, si wizi huo? Wimbo ulikuwa bado moto kwenye redio!

JIBU: Hakuhitaji ruhusa ya Aerosmith, na wala halikuwa jambo la wizi. Jambo hili huwachanganya wengi kwa sababu katika mazungumzo ya kila siku tunaita "wimbo" vitu viwili ambavyo sheria huvitenganisha. Kitu cha kwanza ni utunzi, yaani maneno na sauti kama vilivyotoka kwa mtunzi. Cha pili ni rekodi, yaani utendaji fulani uliohifadhiwa, pamoja na sauti ya mwimbaji yule, gitaa lile na ngoma zile. Aerosmith hawakuwa na haki juu ya utunzi wa Warren. Iwapo Chesnutt angekata kipande cha rekodi yao na kukitia ndani ya yake, angekuwa na kesi ya kujibu. Lakini alichofanya ni kuingia studio na mtayarishaji Mark Wright na kuuimba upya kuanzia mwanzo hadi mwisho.

Nchini Marekani kuna kitu kinachoitwa leseni ya lazima. Historia yake inanivutia sana, kwa hiyo nivumilie. Mwanzoni mwa karne ya 20 watu walikuwa wakinunua piano zinazojipiga zenyewe kwa kufuata karatasi ndefu zilizotobolewa matundu, na waliotengeneza karatasi hizo hawakuwa wakiwalipa watunzi chochote. Mwaka 1908 Mahakama Kuu ya Marekani, katika kesi ya White-Smith dhidi ya Apollo, iliamua kwamba karatasi hizo si nakala za wimbo, kwa kuwa binadamu hawezi kuzisoma kama anavyosoma noti. Mwaka uliofuata Bunge liliwapa watunzi haki ya kulipwa kwa kila nakala ya aina hiyo, lakini likaogopa kwamba kampuni moja kubwa ingeweza kununua haki zote na kuwafungia wengine nje. Suluhisho lililopatikana ni kwamba, mara mtunzi akisharuhusu wimbo wake urekodiwe na kuuzwa, mtu mwingine yeyote anaweza kuurekodi pia, mradi atoe taarifa na alipe kiwango kilichowekwa. Kiwango cha mwaka 1909 kilikuwa senti 2 za dola kwa nakala, na kilibaki hapohapo hadi mwisho wa mwaka 1977. Wakati Chesnutt anatoa toleo lake, kilikuwa kimefika senti 7.1 kwa kila nakala ya wimbo usiozidi dakika tano.

Sheria hiyo inamruhusu anayerudia wimbo kuupangilia upya ulingane na mtindo wake, ila haimruhusu kubadilisha melodi ya msingi ya wimbo wala tabia yake ya asili. Kwa hiyo kuutoa wimbo katika vazi la roki na kuuvika la kantri ni halali kabisa.

Kuna jambo jingine ambalo huwashangaza wengi. Redio za kawaida za Marekani zinapopiga wimbo, humlipa mtunzi na mchapishaji wake, yaani kampuni inayosimamia haki za utunzi. Hazimlipi mwimbaji wala kampuni iliyorekodi. Maana yake ni kwamba kila mara toleo la Chesnutt lilipopigwa redioni, aliyeingiziwa senti kutokana na matangazo hayo alikuwa Diane Warren, na kila mara la Aerosmith lilipopigwa, alikuwa huyohuyo Warren. Waimbaji walitegemea mauzo na maonyesho. Binafsi naona sheria hii inawanyima waimbaji haki yao, na ninasema hivyo bila kusita. Lakini kwa mtunzi anayekaa chumbani na kinanda chake asionekane na mtu, ni moja ya sababu zinazomfanya aweze kuishi kwa kalamu.

SWALI: Nimesikiliza matoleo yote mawili mara nyingi. Maneno ni yaleyale, sauti ya wimbo ni ileile, lakini la Aerosmith linanitikisa na la Chesnutt linanituliza. Tofauti inatoka wapi? Na wewe, Ndugu Mhariri, unaliona lipi kuwa bora?

JIBU: Asante kwa kuuliza hili, kwa kuwa ndilo swali nililotamani mtu aliulize.

Tuanze na umbo. Baladi ya roki ya aina hii, yaani wimbo wa taratibu wa mapenzi, hujengwa kama mlima. Huanza chini, kwa kinanda au nyuzi, na mwimbaji akiwa karibu na kipaza sauti kana kwamba anamnong'oneza mtu mmoja. Ngoma hucheleweshwa makusudi. Kiitikio cha kwanza hufungua mlango, cha pili huupanua, kisha huja sehemu ya katikati inayobadilisha njia ya sauti na kumpandisha msikilizaji mahali ambapo hakutarajia, na baada ya hapo kiitikio cha mwisho humwagika chote, huku mwimbaji akiacha maneno yaliyoandikwa na kuanza kulia, kukwaruza na kupaza. Aerosmith waliutekeleza mpango huo kwa ukamilifu, wakaongeza okestra nzima ya nyuzi. Mtayarishaji wao, Matt Serletic, aliiacha okestra ianze peke yake kabla ya mtu yeyote kuimba, kwa hiyo tangu sekunde za kwanza msikilizaji anajua kwamba jambo kubwa linakuja.

Sasa sikiliza Tyler anavyoimba. Sauti yake haijawahi kuwa laini. Ina kutu, na kadiri anavyopanda ndivyo inavyoelekea kupasuka, ila haipasuki. Mtu anayeimba namna hiyo haonekani kuwa na kesho. Anaonekana ni mtu anayeagana. Hilo linalingana na filamu, ambamo wanaume wanatumwa angani kwa kazi ambayo huenda wasirudi kutoka kwake, na aliyecheza nafasi ya binti wa kiongozi wao ni Liv Tyler, binti wa mwimbaji mwenyewe.

Chesnutt hana kutu hiyo. Ana sauti nzito na thabiti yenye lafudhi ya Texas, na hukaa juu ya noti kama mtu aliyekaa kwenye kiti chake cha kila siku. Anapofika mahali pa kupanda, hupanda bila kupiga yowe. Huyu hasikiki kama mtu anayeagana. Anasikika kama mtu ambaye kesho ataamka katika kitanda kilekile, karibu na mke yuleyule, na ambaye hata hivyo anakataa kulala. Kwangu mimi, hapo ndipo ulipo utamu wa toleo lake. Fikiria kinachotokea katika wimbo: mtu yuko macho usiku, anamtazama mwenzake aliyelala, anamsikiliza anavyopumua. Hicho ni kitendo cha ukimya. Anayemtazama mtu aliyelala hapazi sauti, kwa maana atamwamsha. Kwa hiyo napenda kusema kwamba Tyler anaimba kinachoendelea ndani ya moyo wa yule anayetazama, na Chesnutt anaimba kinachoendelea ndani ya chumba. Vyote viwili vimo katika maneno ya Warren, na ndiyo sababu wimbo huu haukukataa kuimbwa kwa njia yoyote kati ya hizo.

Umetaka hukumu yangu, nami sitakukwepa. Rekodi kubwa zaidi ni ya Aerosmith. Ninapotaka kuusikia wimbo kwa ukubwa wake wote, ndiyo ninayoifungua, na sidhani kama kuna mwimbaji mwingine aliyeupandisha kilele kile. Lakini maneno yake niliyaelewa kwa Chesnutt. Kwa miaka mingi nilisikia kiitikio tu, kilichonifurika, na beti zikapita bila kunigusa. Niliposikiliza toleo la kantri ndipo nilipotambua kwamba ubeti wa kwanza ni taarifa sahili ya mtu aliyekesha. Nina lawama moja tu kwake, nayo ni kwamba hakuthubutu vya kutosha. Mpangilio wake, mahali pa kupanda na mahali pa kushuka, ulifuata sana nyayo za waliomtangulia. Kwa sauti ile aliyokuwa nayo, angeweza kuushusha wimbo hadi kwenye gitaa moja na fidla moja, na ninaamini ungesimama.

Baadhi ya wasomaji wameshangaa kwamba wasikilizaji wa kantri waliupokea wimbo wa roki kwa urahisi namna ile. Hawakuwa wageni na sauti hizo. Kufikia mwaka 1998 ukuta kati ya mitindo hiyo miwili ulikuwa umebomolewa kwa kiasi kikubwa: albamu ya Shania Twain iliyoitwa "Come On Over", ya mwaka 1997, ilitayarishwa na Robert John Lange, mtu yuleyule aliyetayarisha albamu za AC/DC na Def Leppard. Masikio yalikuwa yamekwisha kuzoezwa.

SWALI: Wimbo ulipata tuzo ya Oscar?

JIBU: La. Uliteuliwa kuwania tuzo ya wimbo bora wa asili katika sherehe za Machi 1999, lakini iliyoshinda ni "When You Believe" kutoka filamu ya katuni ya The Prince of Egypt. Warren ameteuliwa mara nyingi sana kwa tuzo hiyo bila kuinyakua; mwaka 2022 alipewa Oscar ya heshima.

SWALI: Inaonekana waimbaji wa kantri ndio wanaochukua nyimbo za wenzao. Je, kuna walioelekea upande wa pili?

JIBU: Wako, tena wakubwa. Dolly Parton alitunga na kuimba "I Will Always Love You", ukafika namba moja katika chati ya kantri mwaka 1974, na tena mwaka 1982 alipourekodi upya; kisha Whitney Houston akauimba kwa ajili ya filamu ya The Bodyguard, na kuanzia mwishoni mwa mwaka 1992 ukakaa namba moja kwenye Hot 100 kwa wiki 14. Miaka ya 1970 Parton alikataa kumpa Elvis Presley wimbo huo alipoambiwa kwamba lazima aachie nusu ya haki za uchapishaji. Ulikuwa uamuzi mgumu kwa msichana aliyempenda sana Presley, lakini ndio uliomfanya awe bado mmiliki wakati Houston anaupeleka duniani kote. "I Swear" ya John Michael Montgomery iliongoza chati ya kantri mwanzoni mwa mwaka 1994, na mwaka huohuo kundi la All-4-One likaiimba kwa mtindo wa R&B na kukaa kileleni mwa Hot 100 kwa wiki 11.

Mfano unaonigusa zaidi, hata hivyo, unamhusu Warren huyuhuyu. Mwaka 1997 alitunga "How Do I Live" kwa ajili ya filamu iitwayo Con Air. LeAnn Rimes, aliyekuwa na umri wa miaka 14, aliurekodi. Watengenezaji wa filamu wakataka sauti ya mtu mzima zaidi, wakampa Trisha Yearwood. Matoleo yote mawili yalitolewa siku moja, tarehe 27 Mei 1997. Redio za kantri zilimkumbatia Yearwood, ambaye pia alitunukiwa tuzo ya muziki ya Grammy kwa uimbaji wake, na redio za pop zikamkumbatia Rimes, ambaye wimbo wake ulidumu wiki 69 kwenye Hot 100. Mwaka mmoja na ushei baadaye yakatokea ya Aerosmith na Chesnutt. Ukiyatazama matukio hayo mawili pamoja, utaona kwamba nyimbo za Warren zilikuwa zinaweza kuishi katika nyumba mbili kwa wakati mmoja, jambo ambalo ni watunzi wachache mno wanaolimudu.

SWALI: Kaka Mhariri, mimi ni mwanamume mwenye sauti nzito na nimeombwa niuimbe wimbo huu kwenye arusi ya dada yangu. Nimejaribu kumfuata Steven Tyler, koo limeniuma siku mbili. Nifanyeje?

JIBU: Kwanza ulipumzishe koo hilo, na usirudie kumwigiza Tyler. Kukwaruza kwake ni mbinu aliyoijenga kwa miaka mingi, na anayeiigiza kwa kubana koo hujiumiza.

Anza na toleo la Chesnutt. Jifunze beti zote kwa sauti ya mazungumzo, bila ala, mpaka uweze kuzisema pasipo karatasi. Kisha tafuta noti ya juu kabisa unayoweza kuiimba asubuhi, kabla sauti haijapata joto, na umwombe mpiga kinanda wako ashushe wimbo hadi noti ya juu kabisa ya wimbo wote iwe hiyo au iwe chini yake. Usichague ufunguo, yaani kimo cha kuuimbia wimbo, kwa kuangalia beti, kwa maana beti ziko chini na zitakudanganya. Angalia kiitikio, halafu uangalie sehemu ya katikati, ambayo ndiyo inayowaangusha wengi. Ikiwa beti zitakuwa chini mno baada ya kushusha, si neno: sogea karibu na kipaza sauti na uziimbe kwa upole, kwa sababu ndivyo zilivyo.

Pumzi uivute mwisho wa mstari, si katikati, na uiweke akiba ile kubwa kwa ajili ya kiitikio cha mwisho. Pale Tyler anapopiga yowe, wewe shikilia noti moja iliyonyooka kwa kadiri pumzi inavyokuruhusu, kisha iache ififie. Na mwambie mpiga ngoma asiingie kabla ya kiitikio cha kwanza, hata kama mikono inamwasha.